Ukiteleza baada ya kuacha unga (heroini), mwili si ule wa zamani

Aliyekuwa akimaliza kete tano, yaani vipakiti vitano vya unga, kwa siku, akatoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu baada ya miezi mitatu, anaweza kufa kwa kipimo chake kilekile. Mwili husahau unga ndani ya siku chache, kichwa hakisahau. Kwa hiyo panga mapema na nyumbani: akiteleza, asiwe peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, aanze na kidogo mno, asichanganye na pombe wala valiamu, asitumie sindano ya mwenzake. Mama, kumwambia hayo si kumruhusu.

Methadoni, dawa ya kunywa kliniki kila siku badala ya unga, ipo Dar tangu 2011, ilianzia Muhimbili, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Huanzia miligramu 30 au chini, ikipandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuogopa. Dozi ya leo inakuta mabaki ya jana, lakini jioni arosto, maumivu ya kukosa unga, bado inauma, mtu anajiongezea kete. Pumzi inakatika usingizini. Vumilia hadi asubuhi, umweleze mhudumu saa ngapi arosto ilianza, ili ajue namna ya kurekebisha dozi.

Ukikosa siku tatu mfululizo, sema ukweli kwenye dirisha la kliniki. Watapunguza dozi, na hiyo si adhabu: ile ya zamani sasa inaweza kukuzidi. Mara nyingi kinachokosesha ni nauli. Nauli ya wiki nzima ikikaa mfukoni, ukipita maskani inageuka kete. Akae nayo dada au mama, aitoe siku kwa siku, na ushuke kituo kinachofuata baada ya kijiwe hata kama utatembea.

Ukianza dawa za TB, waambie kliniki siku hiyohiyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huiondoa methadoni mwilini haraka, arosto inarudi, na watu hudhani dawa imechakachuliwa. Usiache ya TB. Dozi ya methadoni ndiyo ipandishwe.

Mtu akizidiwa utasikia mkoromo mzito, pumzi za kuhesabika, ndani ya midomo kumekuwa kijivu. Msugue kwa nguvu mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, mmoja atafute bajaji au gari, mwingine amwinue kidevu, ambane pua, ampulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Msimnyweshe maziwa, yatamwingia mapafuni, na kumdunga maji ya chumvi ni kupoteza dakika ambazo hana.

Hospitali semeni wazi katumia nini, ili apewe naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga na methadoni. Ataamka, tena kwa hasira, akitaka kuondoka. Mzuieni. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, ilhali methadoni hukaa zaidi ya siku nzima, na anaweza kuzima tena akiwa kwenye daladala.