Maswali ya Wasomaji: Nyoka wa Kufugwa Anayeuma

Majibu haya yanahusu chatu na nyoka wengine wasio na sumu. Nyoka mwenye sumu hashikwi kwa mkono hata awe mtulivu vipi, wala hakuna mbinu ya kumzoesha inayobadilisha hilo.

SWALI: Nina chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), jike wa mwaka mmoja. Nikifungua tu mlango wa kizimba anarusha kichwa, na mara mbili amenipata vidoleni. Ajabu ni kwamba akishatoka nje hana neno, anatulia mkononi hata robo saa. Je, huyu ni mkali?

JIBU: Hapana, ndugu. Anadhani umemletea chakula. Chatu ana vitundu kandokando ya mdomo vinavyohisi joto, na kwake mkono wenye joto unaoingia kizimbani hautofautiani sana na panya. Kama mlango wake hufunguliwa zaidi siku za kulishwa, ameshajifunza kwamba ukifunguka ni mlo.

Tunaanza na hili kwa sababu nyoka huuma kwa sababu mbili kubwa, njaa na hofu, na tiba ya moja huiharibu nyingine. Mwenye njaa huja mbele: kichwa kinaufuata mkono polepole, ulimi unatoka na kuingia upesi, hapulizi pumzi kwa sauti, na akiuma hung'ang'ania na kujizungusha. Mwenye hofu hurudi nyuma, hujikunja, hupuliza, hugonga na kuachia papo hapo. Mtazame kwa dakika moja kabla hujafanya lolote.

Kwa huyu wako, kwanza vunja uhusiano kati ya mlango na mlo. Kwa kila siku moja ya kulisha, fungua mara nne au tano kwa shughuli nyingine: kubadili maji, kuondoa kinyesi, au kufungua na kufunga tu. Pili, pata kulabu, yaani fimbo laini ya chuma iliyopinda nchani. Sentimita 60 zinatosha kwa nyoka wa ukubwa huu. Kabla mkono haujaingia, mguse kwa kulabu katikati ya mwili na umpapase taratibu. Kichwa kikigeuka kuja kwako, kisukume pembeni kwa mgongo wa kulabu bila kukibana, kisha subiri. Ulimi ukipunguza kasi, au akianza kujivuta aondoke, inua theluthi ya mbele ya mwili kwa kulabu na upitishe mkono chini yake kutoka ubavuni. Siku ya kulisha kulabu isiingie kabisa, maana thamani yake yote iko hapo: ikimgusa, ajue leo hakuna panya.

Mlishe kwa koleo la sentimita 40 au zaidi, usimlishe kwa vidole. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika, hasa kama umegusa panya, sungura au paka. Na ukishauriwa umhamishie kwenye sanduku jingine kila anapokula, usikubali. Utalazimika kumrudisha akiwa bado amechachamaa kwa chakula, na hapo ndipo wengi huumwa; pia nyoka aliyebebwa tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika mlo wote. Baada ya kula mwache saa 48 bila kumgusa.

SWALI: Nimemleta nyumbani nyoka wa mahindi (corn snake) mchanga, kama sentimita 35. Akiniona anakunja shingo kama herufi S, anatetemesha mkia na kunigonga mfululizo. Rafiki ananiambia nimshike kila siku mpaka azoee.

JIBU: Rafiki yako anakuharakisha. Nyoka wa ukubwa huo ni mlo wa ndege, na kila kinachomshukia kutoka juu kwake ni kifo. Ukimlazimisha kila siku atajifunza jambo moja tu, kwamba mkono wako ni adui kweli.

Mpe siku 7 hadi 14 bila kumshika kabisa, na usianze mpaka awe amekula angalau mara mbili bila kutapika. Wakati huo tengeneza kizimba. Anahitaji maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yenye ukubwa wa kumtosha kiasi kwamba akijikunja ndani mwili uguse kuta. Maficho mapana hayamtulizi. Kizimba cha kioo kilicho wazi pande zote, funika pande tatu kwa karatasi. Chombo cha joto lazima kiongozwe na themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisizidi. Nyoka asiyeweza kukimbia joto kali huwa na wasiwasi muda wote, na wasiwasi huo utaishia kwenye vidole vyako.

Kisha anza kwa dakika tano, mara mbili au tatu kwa wiki. Ondoa maficho kwanza, usimvute ndani yake. Mkono uende chini na kwa ubavu, bila kusitasita, kwa sababu mkono unaosogea na kurudi humtisha zaidi kuliko unaofika moja kwa moja. Mwinue katikati ya mwili na umtegemeze sehemu mbili. Usimshike nyuma ya kichwa, maana hivyo ndivyo anavyoshikwa na anayetaka kumla. Mwache apite kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Akikugonga, tulia, kaa naye mpaka alegee, ndipo umrudishe. Ukimtupa kizimbani kila anapogonga, ataona kugonga kunamsaidia. Wengi wa aina hii hulegea wakikua, kwa hiyo usimkatie tamaa.

SWALI: Akining'ang'ania mkononi nimtoeje?

JIBU: Usivute. Meno yake yamepinda kuelekea kooni. Ukivuta, unachana ngozi yako na kuvunja meno yake, na fizi zilizojeruhiwa huweza kupata maambukizi ya kinywa. Tuliza mkono, keti, na uutegemeze mwili wake. Mara nyingi ataachia mwenyewe akishagundua kwamba hakuna cha kumeza. Asipoachia, mmwagie maji baridi kichwani, au weka matone machache ya spiriti ya kusafishia vidonda kwenye pembe ya mdomo, mbali na macho na pua. Akiwa amejizungusha, mfungue kuanzia mkiani, kwani kichwani ndiko nguvu iliko. Bado hataki? Sukuma kichwa mbele kidogo kuelekea kwenye mkono wako ili meno yachomoke, ndipo ukiinue.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika tano au zaidi, kisha paka dawa ya kuua vijidudu. Angalia kama kuna jino lililobaki ndani. Ukiona wekundu unasambaa, uvimbe au usaha, au kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati, nenda hospitali. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima, hivyo watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasimshike.

SWALI: Je, nivae glovu nene?

JIBU: Kwa siku za mwanzo, kama hofu inakutetemesha mikono, sawa. Lakini ngozi nene inakunyima kuhisi unambana kiasi gani, na meno hunasa kwenye kitambaa. Kulabu ni bora kuliko glovu.

SWALI: Wangu alikuwa mpole kwa miaka mitatu. Mwezi huu ameanza kuuma. Nimemkosea nini?

JIBU: Pengine hujamkosea. Tazama macho: yakiwa na ukungu wa bluu na ngozi imefifia, anakaribia kujivua ngozi na haoni vizuri. Mwache mpaka amalize. Kama sivyo, kagua chini ya kidevu na kuzunguka macho uone kama kuna utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea. Nyoka mwenye utitiri pia hupenda kulala ndani ya bakuli la maji. Sikiliza pumzi. Akikoroma, akitoa mapovu au akikaa mdomo wazi, mapafu yana shida. Pima joto kwa kipimajoto, usikisie: kwa chatu wa Afrika Magharibi upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 24 hadi 27. Mnyama anayeumia hana njia nyingine ya kusema niache. Mabadiliko ya ghafla yasiyoelezwa na kujivua ngozi ni ya daktari wa wanyama anayejua reptilia, na usisubiri mwezi mwingine.

SWALI: Chatu wangu amefika mita tatu. Hajawahi kuniuma ila siku za chakula huwa na papara. Naweza kuendelea kumhudumia peke yangu?

JIBU: Hapana, na hapa hatulegezi. Chatu wa urefu huo akikukosea kwa chakula hataishia kuuma kidole tu, atakuzunguka, na mkono mmoja uliobaki hautoshi kumfungua. Kuanzia mita 2.5 wawepo watu wazima wawili kila mlango unapofunguliwa, na wote wajue kumfungua kuanzia mkiani. Usimweke shingoni, hata kwa picha ya dakika moja. Mlango uwe na kufuli, na spiriti ikae karibu pale pale. Mwenzako akichelewa, nyoka asubiri. Mlo ukisogezwa siku mbili hautamdhuru.