Mume wangu amepooza ghafla: nitaendeleaje kumtumaini Mungu?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja hapa Malindi. Mwaka jana aliamka alfajiri akashindwa kuinua mkono wa kulia wala kutamka neno, na hospitalini tukaambiwa ni kiharusi kilichosababishwa na presha. Tangu hapo kazi imekwisha, watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nami nauza samaki wa kukaanga jioni ili tupate unga. Wenzangu kanisani wananiuliza kama kuna dhambi tuliyoificha, na mhubiri mmoja ametushauri tuache dawa, tufunge, na kutoa sadaka ya kuvunja laana ya ukoo. Nimeokoka tangu usichana wangu na ninaimba kwaya, lakini siku hizi nikipiga magoti sina la kusema, na nikiimba nyimbo za shukrani najiona mnafiki. Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa?

Mama wa watoto watatu, Malindi

JIBU

Amina, mama, na pole sana kwa mzigo huu uliokuangukia pasipo taarifa.

Niruhusu nianze na lile lisiloweza kungoja: dawa za presha zisiachwe hata siku moja bila idhini ya daktari. Mtu aliyewahi kupatwa na kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupatwa na kingine, na presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoongoza katika kukisababisha. Kufunga kwa mgonjwa wa namna hii si imani, na sisi wa Malindi hatuna udhuru wa kulichukulia shauri kama hilo kwa wepesi, kwa maana mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ulio ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwamo, baada ya waumini kufundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Mtu akikuambia kwamba kumtumaini Mungu kunakudai umwache mgonjwa wako bila chakula au dawa, ondoka mbele yake. Sadaka ya kuvunja laana nayo usiitoe. Wagalatia 3:13 inasema Kristo amekwisha kutukomboa katika laana, na hiyo fedha ni karo ya watoto wako.

Kuhusu dhambi iliyofichwa, Bwana wetu aliulizwa swali hilo hilo akalijibu waziwazi. Katika Luka 13 aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Rafiki zake Ayubu walifanya vema walipoketi naye chini siku saba bila kusema neno. Walipoanza kumtafutia kosa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu iliwawakia wao, si Ayubu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Nakuomba usome Matendo ya Mitume, sura ya 27, polepole, kwa kuwa wewe ni mtu wa pwani na utaielewa vizuri. Paulo alikuwa mfungwa akisafirishwa kwenda Rumi, katika merikebu yenye watu 276, walipokumbwa na tufani iliyowapeleka ilikotaka. Kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na Luka, aliyekuwamo ndani ya chombo hicho, anaandika kwamba tumaini lote la kuokoka liliwakatikia. Ndipo Paulo aliposimama akasema kwamba malaika wa Mungu amemhakikishia kuwa hakuna hata mmoja wao atakayepotea, isipokuwa merikebu.

Litazame neno hilo la mwisho, mama. Ahadi haikuhusu chombo, na sisi tunajua chombo ni nini kwa mwenye nacho: ni mtaji, ni kazi, ni heshima yake mbele za watu. Kilivunjika kweli, na kuvunjika kwake hakukuwa ushahidi kwamba Mungu aliwaacha. Mshahara wa hotelini na afya ya mume wako vilikuwa chombo chenu, na una haki ya kuvililia. Siwezi kukuahidi kwamba mkono wake utarudi kama ulivyokuwa, kwa kuwa Biblia hainipi ruhusa hiyo. Inaloniruhusu kukuahidi ni lile la Warumi 8, kwamba hakuna dhiki wala shida itakayowatenga ninyi na upendo wa Kristo.

Tazama pia walichofanya watu wale baada ya kusikia ahadi. Walitupa nanga nne tezini. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo aliwaonya askari kwamba hao wasipobaki hakuna atakayeokoka. Aliwasihi wote wale chakula, akatwaa mkate, akashukuru, akaumega. Pwani ilipokaribia, waliojua kuogelea walijitosa kwanza, na wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu. Kwa hiyo unapokaanga samaki wako jioni, unapompeleka mume wako kliniki na kumnyoosha viungo, unamtumaini Mungu kwa mikono yako, na usikubali mtu akwambie kwamba hiyo ni imani haba.

Na maombi? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila neno la ushindi hata moja, na Mungu ameiacha katika Maandiko ili tuitumie. Isome kwa sauti unapokosa la kusema. Hayo ni maombi kamili. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Kwaya usiiache. Si unafiki kuimba pamoja na kanisa maneno ambayo moyo wako haujayafikia; siku nyingine wenzako ndio watakaokubeba, na siku nyingine utawabeba wewe. Kina mama wanaokuhoji habari za dhambi, waombe waje nyumbani wakupokee zamu ya kumgeuza na kumwogesha mgonjwa, na umwambie mzee wa kanisa aliye karibu nawe jambo la karo waziwazi, bila kuona aibu.

Lipo jingine linaloihusu sauti yako. Baadhi ya wagonjwa wa kiharusi waliopoteza uwezo wa kusema huweza bado kuimba maneno ya wimbo waliouzoea tangu zamani. Jioni ukimaliza biashara, keti karibu na mume wako umwimbie taratibu wimbo anaoupenda, ukimwacha amalizie mstari. Ukiona anayafuata maneno, waarifu wahudumu wa kliniki, kwa maana uimbaji hutumika pia katika kumfundisha mgonjwa kusema upya.