"Nakumbuka kumpa dawa": nilimpa au nisisahau kumpa?

Swali: Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi ni mhudumu wa wazee hapa Nakuru. Juzi niliandika kwenye daftari la zamu, "I remember to give Mzee his tablets", nikimaanisha nakumbuka nilimpa. Mwenzangu wa usiku akashindwa kujua kama mzee amemeza dawa au bado. Kosa langu liko wapi? Na "care for" na "care about" zinatofautianaje? Halafu kuna mzee huniambia, "Remember me to your mother", ilhali hawajawahi kuonana!

Jibu: Dada yangu, umefanya vyema kuuliza, maana dawa si kitu cha kubahatisha.

Kosa limejificha kwenye "to". "Remember" ikifuatwa na "to", kukumbuka kunatangulia tendo. "Remember to lock the door" ni kumwambia mtu asisahau kufunga. Ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing", tendo ndilo lililotangulia. "I remember locking the door": mlango ulishafungwa, na hadi sasa nauona mkono wangu kwenye kufuli. Kwa hiyo ulitaka kusema "I remember giving". Hata "I remembered to give" ingefaa, kwa kuwa maana yake ni kwamba hukusahau, ulimpa. Ulivyoandika wewe, kwa wakati uliopo, ni kama unaeleza mazoea yako: huwa sisahau kumpa. Ya jioni ile hayamo.

Kiswahili hakitubani hivyo. "Nakumbuka kufunga" huchukua maana zote mbili, na msikilizaji huchagua kwa mazungumzo yalivyo. Ndiyo maana wengi wetu tunajikwaa hapa, hata waliosoma sana.

Ila kwenye daftari la zamu, mimi ningeliacha kabisa neno hilo. Andika "Given at 8 p.m.", jina la dawa, kipimo, kisha sahihi. Anayepokea zamu anataka saa, si kumbukumbu zako.

"Care for" ni kumhudumia mtu: kumlisha, kumwosha, kumgeuza kitandani. "Care about" ni kumjali moyoni. Mtoto aliye Marekani aweza kumjali babake usiku na mchana asiweze kumhudumia hata kwa kikombe cha uji. Katika Kiingereza cha kale neno hili, "caru", lilimaanisha huzuni na mahangaiko, na wewe unayekesha na wagonjwa naamini hilo halikushangazi. Usiandike tu "I care him"; lazima "for" iwepo.

Tena, mzee asipomtambua bintiye, andika "did not recognise", usiandike "did not know". "Know" ina mambo mengi mno: kujua habari, kumfahamu mtu, kuwa na hakika.

Huyo mzee wako anatuma salamu tu. Anasema, "Nisalimie mama." Si lazima wawe wamejuana. Zifikishe, na kesho umrudishie za mama.