Mliuliza, Nawajibu: Nani Yuwachunga Mionzi Hapa Kwetu?

Mwezi huu meseji zimenijia tele za mambo ya nyuklia na mionzi, sijui ni kwa sababu ya zile habari za mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, Kilifi, ama ni mvua tu imewafungia watu nyumbani. Wasiojua wajue, mimi kabla ya kuanza kushika kalamu nilifanya kazi chumba cha eksirei miaka 11 kwa hivyo mengine nayajibu kwa kuyasoma na mengine kwa kuyaona. Zile zilizofanana nimeziunga pamoja, msinune.

Swali: Mimi ni mkaazi wa Likoni. Nilipigwa eksirei ya kifua mara 2 ndani ya mwezi mmoja kwa kliniki ya mtaani. Mara ya pili mlango ulikuwa nusu wazi na yule kijana hakunivisha kitu cha kukinga mionzi. Baadaye ndio nikajua nina mimba. Mtoto wangu atadhurika? Na nikitaka kushtaki niende kwa nani?

Dadangu, kwanza pumua. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) na hiyo ni kifuani, inayofika tumboni ni kidogo mno. Binadamu akikaa tu bila kufanya lolote anapata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na chakulani. Mrima kule Kwale vipimo viko juu kuliko kwengine na hakuna kiwanda hata kimoja pale, ni thoriamu, madini yenye mionzi ya asili, iliyo kwenye mawe ya kilima chenyewe. Kwa hivyo mwambie mkunga ama daktari wako, aandike kwenye faili, lakini usikae usiku kucha ukilia. Na mashine ya eksirei ikizimwa imezimwa, haiachi kitu kwa nguo wala kwa kuta, hili naulizwa kila siku.

Lakini kumbe kosa lipo, na ni la kliniki. Kwanza walitakiwa kukuuliza kama una mimba kabla hujasimama mbele ya mashine, hata kama hujui, jibu lako ndilo linawafanya wafikirie mara mbili. Pili mlango. Anayeshughulika na haya Kenya ni KNRA, yaani mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019, zamani kazi hiyo ilikuwa ya bodi ya kinga ya mionzi chini ya sheria ya 1982. Watu wakisikia nyuklia wanawaza mabomu, kumbe kazi yao ya kila siku ni hizi mashine za mtaani, nani anayo, iko chumba gani, ukuta una risasi ya kutosha (yale madini mazito yanayozuia mionzi, si ya bunduki), na anayeibonyeza amesomea. Bila leseni yao hata kuiingiza nchini huruhusiwi. Wewe una haki ya kuuliza cheti kiko wapi na ukiona wanakuzungusha wapelekee KNRA malalamiko, andika tarehe na saa.

Nikuambie na jambo jingine maana limenikaa rohoni. Mfanyakazi wa eksirei anavaa beji ndogo kifuani inayohesabu mionzi aliyopata, kiwango chake kisizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, mwananchi wa kawaida ni 1 tu mbali na ile ya matibabu yake na ya asili. Sasa mahali fulani nilipofanya kazi mkubwa wetu alikuwa anatukusanyia beji asubuhi anazifungia kwenye droo, ati zisipotee. Zikipelekwa kupimwa majibu safiii, karatasi inang'aa. Mkaguzi alipokuja akaangalia zile karatasi, akaangalia beji zetu, akatuuliza mbona hazina hata alama ya jasho. Tukanyamaza sote. Hapo ndipo nilijua mkaguzi mzuri hasomi karatasi peke yake.

Swali: Nauza skrapu upande wa Jomvu. Jamaa wa mkokoteni aliniletea chuma cha duara kizito ajabu, ndani kina risasi, kina alama kama feni ya mapanga 3. Nikaogopa nikamrudisha nacho. Nilifanya vizuri?

Kuogopa ulifanya vizuri, hiyo feni ni alama ya mionzi. Kumrudisha nacho ndiko kunanitia wasiwasi, maanake sasa kiko kwa nani?

Hebu nikupe kisa cha Goiânia, mji wa Brazil, 1987. Kulikuwa na kliniki ya kutibu saratani, ikahama 1985 ikaacha mashine moja ndani ya jengo na wenye leseni hawakuwaambia wakubwa wa mionzi kwamba wamehama. Jengo likabaki gofu. Watu wawili wakaingia wakachomoa kile kichwa cha mashine wakakipakia kwa toroli wakapeleka nyumbani, wakahangaika nacho mpaka wakatoboa, halafu wakauza kwa mwenye skrapu. Usiku yule mwenye skrapu akaona kitu kinang'aa rangi ya samawati, kizuri jamani, akaita majirani na jamaa waje waone, wakagawana unga wake kama zawadi, wengine wakajipaka mwilini. Unga ule ulikuwa seziamu-137, kitu chenye mionzi mikali, gramu 93 tu. Watu wakaanza kutapika na kuharisha, wakadhani ni chakula. Mkewe mwenye skrapu ndiye aliyeshtuka kwamba ugonjwa umeingia nyumbani siku moja na kile kitu, akakitia kwenye mfuko akapanda nacho basi mpaka ofisi ya afya. Yeye mwenyewe alifariki. Walikufa 4 na watu zaidi ya 110,000 walipangwa foleni uwanjani kupimwa, nyumba zikabomolewa, udongo ukachimbwa.

Sasa angalia vizuri kosa lilianzia wapi. Si kwa mwenye skrapu, yeye alikuwa kazini kama wewe. Lilianza siku ile mwenye leseni alipohama kimyakimya na hakuna aliyekuja kuuliza ile mashine iko wapi. Ndio maana mdhibiti lazima awe na daftari la kila chanzo cha mionzi nchini, cha hospitali, cha viwanda vinavyopima ujazo wa matangi, cha wale wanaopiga picha viungo vya mabomba kwa iridiamu-192, na kikishamaliza kazi kirudi kilikonunuliwa ama kipelekwe Oloolua huko Ngong ambako Kenya ina kituo cha kuhifadhi takataka za mionzi. Mwenye kiwanda akifilisika kile kidude hakifilisiki naye, seziamu inachukua miaka 30 ndio ipungue nusu.

Kwa hivyo mtafute yule jamaa wa mkokoteni leo, si kesho. Usimwambie akilete. Mwambie akiache kilipo, watoto wakae mbali, kisikatwe, kisigongwe nyundo, kisiyeyushwe, na mpige ripoti polisi na KNRA. Huenda ni ganda tupu lisilo na kitu ndani, mara nyingi huwa hivyo, lakini hiyo si ya kupimwa kwa macho. Na ukiona alama ya pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anakimbia, hiyo ni mpya ya mwaka 2007, iliwekwa kwa watu kama wewe hasa, maana ile ya feni iligundulika wengi hawaielewi. Wewe uliielewa, au angalau ulitishika, hongera.

Swali: Mimi kijana wa Matsangoni. Wanatuambia tusiogope mtambo kwa sababu kuna wa kuukagua. Lakini anayejenga ni serikali na anayekagua ni serikali. Si ni paka kupewa samaki achunge?

Swali lako ni zito kuliko majibu mengi niliyosikia kwenye baraza za wakubwa. Kwanza tutenganishe majina. NuPEA, wakala wa serikali wa kawi ya nyuklia, ndio wanaotaka kujenga, wako chini ya sheria ya kawi ya 2019. KNRA ndio wa kukataa ama kukubali. Mpango ulikuwa megawati 1,000 Uyombo, wavuvi na wazee wakapinga, 2024 maandamano yakaishia kwa vurugu na polisi, na 2025 mazungumzo yakahamia Siaya kando ya ziwa.

Hiyo hofu yako hata wakubwa wa dunia iliwahi kuwauma. Marekani walikuwa na tume moja iliyoundwa 1946, ikawa inapigia debe nyuklia na hapohapo inaikagua. Watu wakalalamika mpaka 1974 bunge lao likaivunja vipande, na Januari 1975 tume mpya iitwayo NRC ikaanza, kazi yake kudhibiti tu, haitakiwi kuuza wazo la nyuklia kwa mtu. Wajapani hawakujifunza mapema, mkaguzi wao alikuwa ndani ya wizara ileile ya uchumi na biashara inayokuza nyuklia, mpaka ajali ya mtambo wa Fukushima 2011 ikawaumbua, ndipo 2012 wakaunda mamlaka mpya kando.

Lakini kutenganisha ofisi hakutoshi na hapa mimi ndipo nakosana na wanaodhani sheria ikishaandikwa mambo yamekwisha. NRC ilikuwa na miaka 4 tu ilipotokea ajali ya mtambo wa Three Mile Island kulekule Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Vali moja ilifunguka ikakwama. Kwenye chumba cha kuendeshea kulikuwa na taa, taa ikizimika mafundi wanaelewa vali imefunga. Kumbe ile taa ilikuwa inaonyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa, haionyeshi kama vali yenyewe imetii! Maji yakavuja zaidi ya saa 2, mafundi wakadhani maji yamezidi wakapunguza ya kupozea, na karibu nusu ya moyo wa mtambo, pale penye fueli, ukayeyuka. Kibaya zaidi, 1977 vali kama hiyo ilikuwa imekwama kwenye mtambo mwengine kule Ohio, habari ikabaki kwenye makaratasi, wenzao wa Three Mile Island hawakuambiwa ipasavyo.

Siku hizi NRC huwa na wakaguzi wanaoishi karibu na mtambo, wanaingia kazini humo kila siku, na baada ya miaka 7 wanahamishwa wasije wakawa marafiki wa nyama choma na wenye mtambo. Kwa hivyo mkija kuitwa tena barazani usiulize tu kama kuna mdhibiti. Uliza mshahara wake unatoka wapi, nani anaweza kumfuta, ana watu wangapi waliosomea kweli, ripoti zake tutazisoma sisi ama zitafungwa kabatini, na je, leseni ya eneo, ya kujenga, ya kuwasha na ya kuja kuubomoa ni mbalimbali ama yote ni muhuri mmoja. Wasipojibu hilo la kabati, msitie saini chochote.

Swali: Mimi ni klaring ejenti hapa bandarini. Kontena la mteja wangu lilipiga king'ora cha mionzi getini, ndani ni vigae vya bafuni tu! Mteja anadhani nataka kumla pesa.

Muonyeshe hii. Vigae vina urani na thoriamu kidogo za asili ndani ya udongo wake, ukiwa na kontena zima zinajumlika king'ora kinalia. Mbolea ya potasi pia, hata ndizi nyingi zikikusanyika. Huja mtu na kifaa cha mkononi akapima ni mionzi ya aina gani, ikiwa ni ya asili mnaachiwa, ikiwa ni kobalti ama seziamu hapo ndio kuna kesi. Hata abiria aliyetoka kumezeshwa dawa ya mionzi ya tezi anaweza kuliza geti kama hilo. Pesa ya stoji ya hizo siku mlizongoja, hiyo sasa malizaneni wenyewe.