Waifai imejaa ila intaneti hakuna: maswali yenu kuhusu IP kugongana

Meseji nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja, waifai ipo, imejaa kabisa, ila hakuna kinachofunguka, na wengi mmeshapiga simu kampuni ya intaneti mkaambiwa zima ruta uwashe. IP ni namba ya anwani ya kila kifaa kwenye mtandao, na vifaa viwili vikishika namba moja ndo kugongana kwenyewe. Nimeziokota chache, naanza na ya Tabata kwa sababu hiyo ndo imewakuta wengi.

Fundi, laptop yangu ya kazini inashika waifai vizuri tu lakini intaneti inakuja kidogo inapotea, simu zote za hapa nyumbani ziko poa. Kuna muda Windows ikaleta maneno kwamba kuna kompyuta nyingine inatumia IP hiyo hiyo. Mimi kompyuta nyingine sina! Imeanza tangu tufunge kamera. (Tabata, Dar)

Kompyuta nyingine huna dada, ila una DVR ya kamera, kile kiboksi kinachorekodi picha, na hiyo nayo inakaa kwenye IP kama kifaa kingine chochote. Iko hivi. Ruta ndo inagawa IP kwa kila anayeingia, hiyo kazi inaitwa DHCP, na ruta nyingi za nyumbani zinagawa kuanzia 100 mpaka 199 kwenye ile namba ya mwisho. Sasa fundi wa kamera akimaliza kufunga, picha zikionekana kwenye TV, anachukua hela yake anaondoka na IP anaiacha ileile ya kiwandani. Vifaa vya Dahua vinatoka kiwandani na 192.168.1.108. Hiyo imeandikwa ndani ya kifaa chenyewe, ruta haina habari nayo kabisa. Umeme ukatike urudi, ruta inawaka, DVR bado inajivuta, laptop yako inaomba IP, ruta inaangalia inaona 108 hakuna mtu inakupa, dakika mbili mbele DVR inaamka na 108 yake. Ni konda kakata tiketi mbili siti moja, na abiria wote wawili wameshapanda.

Kuhusu kwa nini inakuja na kupotea badala ya kufa moja kwa moja: ruta ina kumbukumbu ya IP fulani iko kwenye MAC gani, yaani ile namba ya kudumu ya kadi ya mtandao, na anayejitangaza mwisho ndo anapelekewa mzigo. Laptop ikijitangaza unapata ukurasa wako. DVR ikijitangaza majibu yako yote yanaenda kwenye DVR, ambayo haikuomba kitu, inayatupa.

Usiniamini hivihivi, pima. Kwenye laptop fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, angalia mstari wa IPv4, tuseme imekuja 192.168.1.108. Zima laptop kabisa. Sasa nenda kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai hiyohiyo, hata ya jirani yako wa chumba cha pili, au simu yenye Fing (programu ya kukagua mtandao), piga ping hiyo 108, yaani ibishie hodi uone kama kuna anayejibu. Laptop imezimwa, kwa hiyo hakuna anayetakiwa kujibu. Akijibu mtu, umemshika. Ukiwa kwenye kompyuta andika arp -a hapohapo, utaona MAC ya aliyejibu, herufi na tarakimu 6 za mwanzo zinakuambia kampuni iliyotengeneza kadi, Fing yenyewe mara nyingi inakutajia jina moja kwa moja.

Ukishajua ni DVR ingia kwenye menyu yake, sehemu ya network, ibadilishe iwe kitu cha nje ya zile 100 mpaka 199, mfano 192.168.1.20, geti (gateway, IP ya mlango wa kutokea intaneti) iache 192.168.1.1 kama ndo ruta yako. Kama fundi alifungua poti (njia ya kuingilia kutoka nje) kwenye ruta ili uangalie kamera ukiwa mbali, na yenyewe ibadilishe iende 20, maana bila hivyo utapata intaneti ukose kamera halafu utaniandikia tena.

Sasa fundi. Nilinunua router ya pili juu bedsitter ya nyuma haipati waifai, nikavuta kebo kutoka ile ya kwanza. Ile siku niliunganisha, nyumba yote ikakosa intaneti, hata wale walikuwa sawa. Nikichomoa inarudi. Ni mbovu ama? (Nakuru)

Poa sana ndugu yangu, na hapana, ruta ni nzima, usiirudishe dukani. Shida ni kwamba zote mbili zinajiita jina moja. Ruta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ukiweka mbili zenye 192.168.1.1 kwenye nyumba moja basi vifaa vyote vinapouliza geti ni nani wanajibu wawili, na mmoja wao hana intaneti ya kumpa mtu. Juu ya hapo zote zina DHCP imewashwa, zinagombania kugawa IP, simu nyingine inapewa na hii, nyingine na ile, zinaweza kabisa kugawa IP moja kwa watu wawili kwa sababu hazina daftari moja.

Mgawaji awe mmoja. Hilo ndo nalirudia kila siku mpaka watu wananichoka.

Fanya hivi, na fuata mpangilio huu maana ukiruka utajifungia nje. Chomoa ile kebo inayotoka ruta ya kwanza. Unganisha laptop kwenye ruta ya pili peke yake, ingia kwa kivinjari 192.168.1.1, tafuta sehemu ya LAN (upande wa ndani), badilisha IP iwe 192.168.1.2, sevu. Itajizima na kuwaka, ingia tena sasa kwa 192.168.1.2. Hapo ndo uzime DHCP. Ukianza kuzima DHCP kabla hujabadilisha IP, laptop inaweza kukosa IP katikati ya kazi na utaishia kubonyeza kile kitufe cha nyuma cha kurizeti. Ukimaliza chomeka kebo kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza kwenda tundu la LAN la ruta ya pili, siyo lile la WAN (la upande wa intaneti) ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake. Ruta mpya nyingi zina mode ya Access Point (ruta inasambaza waifai tu bila kugawa IP), ukiipata bonyeza hiyo tu, inafanya haya yote yenyewe.

Na kama unataka lazima utumie tundu la WAN, labda hutaki watu wa nyumba ya mbele waone vifaa vya huko nyuma, basi ruta ya pili ipe LAN tofauti kabisa kama 192.168.5.1 na DHCP yake iache imewaka, itagawa kwa watu wa huko nyuma peke yao. WAN na LAN za ruta moja zikiwa zote 192.168.1 ruta haijui mzigo uende upande gani. Ukimaliza njia yoyote kati ya hizi, kila simu izime waifai iwashe, zile zilizopewa geti la uongo zinabaki nalo mpaka ziombe upya. Kwenye Windows ni ipconfig /release halafu ipconfig /renew.

Yangu inaanza na 169.254, nimeitafuta kwenye ruta siioni. Ndo kugongana huko? (Iringa)

Hapana mkuu. Hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba IP na kukosa wa kuijibu. Angalia kebo, angalia kama kuna mtu kazima DHCP, angalia kama IP zimeisha. Ile 169.254 haitoki nje ya nyumba hata siku moja.

Nina hosteli ya wanafunzi, vyumba 24, ruta moja kubwa. Jioni wengine simu inazunguka tu inatafuta IP haipati. Juzi hosteli nzima ikafa masaa, nikazima nikawasha ikarudi, kesho yake tena. (Mabibo)

Hapa zipo mbili mzee wangu na moja imezaa nyingine. Ya kwanza, IP zinaisha. 100 mpaka 199 ni IP mia moja tu, wewe piga hesabu, kila chumba watu wawili au watatu, kila mtu simu na laptop, wageni wa wikiendi, yule aliyeleta TV. Halafu ruta ikimpa mtu IP inamshikia kwa muda, nyingine siku nzima hata kama kaondoka. Simu nazo siku hizi zinaficha MAC yake halisi, Android tangu toleo la 10, iPhone tangu iOS 14, kwa hiyo aliyefuta waifai na kuingia upya anaweza kuonekana kama mtu mpya na kupewa IP ya pili huku ya kwanza bado imeshikwa. Panua mgao uanzie 20 mpaka 250, na muda wa kushikilia ushushe uwe masaa mawili.

Ya pili ndo inayokuua. Mwanafunzi akikosa IP anaangalia video, anaambiwa weka static (IP ya kuandika kwa mkono), anajiwekea namba anayojisikia. Akigonga ya mwenzake anaumia mwenzake. Ila akichanganya sehemu akaandika IP ya geti kama ya kwake, kwa mfano 192.168.0.1, hosteli yote inapeleka mzigo kwenye simu yake! Akilala akazima simu intaneti inarudi, nawe ukaamini ni ile kuzima na kuwasha. Siku ikifa tena usizime kitu, chukua laptop andika arp -a, angalia MAC iliyoandikwa mbele ya IP ya geti, linganisha na iliyobandikwa kwenye stika chini ya ruta. Ruta nyingine zina MAC mbili tatu zinazopishana tarakimu ya mwisho, hiyo sawa, ila ikiwa tofauti kabisa kapige hodi vyumbani. Kwa upole, wengi wala hawajui walichofanya.

Steshenari yangu printa kila asubuhi haionekani mpaka nizime ruta. Fundi mmoja kaniambia ninunue static IP kwa kampuni ya intaneti, kweli? (Morogoro)

Tunza hela yako dada. IP unayonunua kwa kampuni ni ya upande wa nje, ile ambayo dunia inaiona, printa yako iko upande wa ndani kwenye namba za 192.168 ambazo zilitengwa tangu miaka ya 1990 kila nyumba duniani izitumie bure, na upande huo mwenye mamlaka ni ruta yako. Ingia kwenye ruta, tafuta kwenye DHCP sehemu ya kuhifadhi IP, nyingi wameandika Address Reservation, weka MAC ya printa na IP unayotaka iwe nayo. Kwenye printa yenyewe DHCP iache imewaka. Baada ya hapo printa itapewa namba ileile kila siku, kompyuta itaikuta palepale, na ruta haitampa mtu mwingine. Mimi hata zile kamera za Tabata ningezifanya hivi kama DVR inakubali, kuandika static kwenye kifaa ni mpaka ukose njia.

Nafanya kazi nikiwa keja, VPN ya ofisi inakubali, lakini seva ya ofisi haifunguki. Nikitumia bando la simu inafunguka. (Ruaka)

Ofisi yenu inatumia 192.168.1, na nyumbani kwako pia. Ukiita seva iliyo 192.168.1.10 laptop inaona hiyo namba ni ya hapahapa nyumbani, inaitafuta sebuleni, haipeleki kwenye VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi. Bando la simu lina namba zingine ndo maana inapita. Ofisi haitabadilisha kwa ajili yako, badilisha ya kwako, LAN ya ruta iwe kitu cha ajabuajabu kama 192.168.57.1, ruta yenyewe itawagawia wote upya. Vyote ulivyowahi kuviandikia static utavirekebisha kwa mkono.

Nimenunua TV box mbili za bei chee siku moja. Moja ikiwaka nyingine inakata. Ruta ninayo moja, DHCP iko sawa, static sijaweka popote. (Tanga)

Nenda kwenye setingi za kila moja, sehemu ya kuhusu kifaa, soma MAC. Naweka dau zinafanana tarakimu kwa tarakimu. Baadhi ya viwanda vya bei chee vinamwaga programu ileile kwenye mzigo mzima bila kubadilisha MAC, ruta inadhani ni kifaa kimoja, inawapa wote IP moja na wala haina kosa. Jaribu moja iwe kwenye kebo nyingine waifai, kadi hizo zina MAC tofauti. Ikigoma rudisha moja dukani, na ukibadilishiwa usipewe ya boksi lilelile.