Barua kwa mwanangu: mchezo gani baada ya goti kukataa mpira

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ucheze nini sasa, maana daktari amekukataza mpira baada ya kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) kukatika mara ya pili, na hutaki “mazoezi ya wagonjwa”. Umetaja badminton, kwa kuwa hakuna wa kukupiga ngwala.

Badminton hapana. Kano hii mara nyingi hukatika bila mtu kukugusa: mguu umekita chini, mwili unageuka, goti linaingia ndani. Au unatua vibaya kwa mguu mmoja. Wavu kati yako na mpinzani hauondoi hatari hiyo, wala kwenye tenisi na voliboli. Usiulize mchezo ni mpole kiasi gani. Uliza goti linafanya nini. Unataka mchezo ambao goti linakunjwa na kunyooka katika mstari mmoja, bila kuzungushwa. Hapo zinabaki baiskeli, makasia na kuogelea.

Na wagonjwa gani hao? Rebecca Romero wa Uingereza alipata medali ya fedha ya makasia katika Olimpiki ya Athens 2004, mgongo ukamsumbua, akahamia baiskeli na kutwaa dhahabu Beijing 2008. Primož Roglič wa Slovenia alianza kama mrukaji wa skii kwenye theluji, kisha akashinda Vuelta a España, mbio kubwa za baiskeli za Hispania, mara 4.

Daktari wako akisharuhusu, anza na baiskeli. Kwanza rekebisha siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukihamishia pedali chini ya sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho ndicho kipimo. Siti ikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti; ikiwa juu mno, huja nyuma yake, na nyonga huyumba kila unapokanyaga. Sogeza milimita 5 tu kwa mara moja, kisha uendeshe kabla ya kugusa tena.

Tumia gia nyepesi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. 20 hadi 22 ni sawa. Ukipata 12, unasukuma gia nzito na goti ndilo linalolipa. Anza na dakika 15 hadi 20 kwenye tambarare, siku moja ndiyo, moja hapana. Pedali za kunasa kiatu ziache kwanza, maana kujinasua ni lazima uzungushe kisigino nje, na goti linafuata.

Utakachokosea nakijua tayari. Mapafu yako bado ni ya mchezaji, kwa hiyo dakika 20 zitakuchosha akili kabla ya kukutoa jasho, utaongeza hadi saa nzima, na kesho yake goti limejaa. Basi lipime kila asubuhi baada ya mazoezi. Nyoosha mguu, legeza paja. Kwa kiganja, sukuma upande wa ndani wa goti kwenda juu, mara 2 au 3. Kisha pitisha mkono upande wa nje kutoka juu kwenda chini, macho yakiwa kwenye kishimo cha ndani kando ya pia ya goti. Kikifutuka, kuna maji. Pumzika mpaka yapungue, kisha rudi kwenye dakika za mara ya mwisho ambazo hazikuleta uvimbe.

Baiskeli pia ina ujanja wake: mguu usioumia hubeba kazi ya mwenzake na wewe usijue. Jaribu kuinuka kitini kwa mguu mmoja, hesabu mara ngapi kila upande. Tofauti ikiwa kubwa, fanya mazoezi ya mguu mmoja mmoja mara 2 au 3 kwa wiki, seti 3 za marudio 8 hadi 12, mpaka mguu ulioumia ufikishe walau asilimia 90 ya mwenzake.

Makasia yatakufaa baadaye, hasa kwa vile unapenda timu. Boti ya watu 4 au 8 haina mchezaji wa akiba anayezubaa. Kwenye mashine ya kupigia makasia usisogee mbele kabisa mwanzoni, goti linakunjwa sana pale. Kama gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, nalo lilishonwa, muulize daktari mwisho wa kukunja ni wapi.

Majini, piga miguu juu na chini, nyonga ndiyo ianzishe. Ule mtindo wa chura, wa kutupa miguu nje, uache: unavuta goti upande wa ndani.

Ukipata baiskeli nitumie picha iliyopigwa ubavuni, umekaa, pedali ikiwa chini. Nitakwambia kama siti ipande au ishuke.

Mama yako