Uliza Mzee wa Barabara ya Nane: Kutoka kulipwa kwenda ridhaa

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni kijana wa Pongwe, kriketi naifuatilia kwenye simu. Nimesoma kwamba Wally Hammond wa Uingereza alikuwa mchezaji wa kulipwa, kisha mwaka 1938 akawa wa ridhaa. Wenzangu kijiweni wamenicheka, wanasema mtu hutoka ridhaa akaenda kulipwa, harudi nyuma. Je, alishuka kiwango?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hukusoma vibaya, wala Hammond hakushuka. Alipanda.

Kinachowachanganya ni neno lenyewe. Sisi ridhaa tunaijua kwenye ndondi na mpira: ni yule anayeanza, anayechezea jezi na nauli ya daladala. Kwa Waingereza wa zama zile, wa ridhaa alikuwa mtu mwenye chake, asiyehitaji ujira wa uwanjani. Aliitwa Bwana. Anayelipwa aliitwa Mchezaji tu, na kila mwaka kulikuwa na mechi ya Mabwana dhidi ya Wachezaji, hivyo hivyo kwa majina hayo. Viwanja vingi Mabwana walikuwa na chumba chao cha kubadilishia nguo na lango lao la kuingilia. Hata herufi za majina zilitengwa: za Bwana zilitangulia jina la ukoo, za Mchezaji zilifuata nyuma. Mwaka 1950 uwanjani Lord's, kule London, mtangazaji alikatiza watu ili kusahihisha karatasi ya mechi, kwamba isisomeke F. J. Titmus, isomeke Titmus, F. J. Kijana wa watu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kucheza!

Sasa Hammond. Alizaliwa Dover mwaka 1903, mtoto wa askari, na baba yake akauawa vitani mwaka 1918. Akaanza kuichezea timu ya jimbo la Gloucestershire mwaka 1920, kriketi ikawa kazi yake. Ziara ya Australia ya 1928 hadi 1929 alipata mikimbio 905 (mikimbio ndiyo mabao ya kriketi) katika mechi tano za Testi, zile kubwa za nchi kwa nchi. Mwaka 1933 kule Auckland akapiga 336 bila kutolewa, rekodi ya dunia ya Testi wakati ule. Lakini nahodha wa Uingereza alikuwa lazima awe Bwana. Unaweza kuwa mpigaji bora wa nchi nzima, ukaamrishwa na mtu ambaye gongo halimkai vizuri mkononi (gongo la kriketi nasema, si lile lenu la kunywa).

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, mtazame Harold Larwood, mrushaji aliyetokea machimbo ya makaa ya mawe. Ziara ya 1932 hadi 1933 alirusha mipira ya kuelekea miilini mwa wapigaji kama alivyoagizwa na nahodha wake, Douglas Jardine, Bwana. Australia wakalalamika mpaka serikalini. Baadaye aliyetakiwa kuomba radhi ni Larwood. Alikataa, na hakuichezea Uingereza tena.

Mimi jambo hili nililiona hapa hapa Tanga nikiwa mtoto, na sikuhitaji kitabu. Nilikuwa nawaokotea mipira Wahindi wa mjini siku za Jumapili, ujira wangu soda moja na bisi za kwenye karatasi. Nahodha alikuwa tajiri wa duka la vitambaa. Alikuwa akitolewa mapema, anarudi kivulini anajipepea na kofia. Aliyekuwa akiiokoa timu ni karani wake, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyopakwa chokaa kuficha viraka. Karani alipotaka kubadilisha mrushaji, alimwendea tajiri kwanza, mikono nyuma, kama anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Nilikuwa nakereka mimi niliyekuwa mwokota mipira!

Basi mwishoni mwa 1937 kampuni moja ya matairi ikampa Hammond ukurugenzi. Mshahara sasa unatoka kwenye matairi, kriketi anacheza kwa hiari. Mkono ule ule, jicho lile lile, ila karatasi imebadilika. Mwaka 1938 akawa nahodha wa Uingereza, na Lord's akawapiga Australia mikimbio 240. Mechi ya Mabwana na Wachezaji akawaongoza Mabwana, yeye ambaye kabla aliwaongoza Wachezaji. Nyie wa Pongwe msishangae sana: zama zetu za soka la ridhaa tulikuwa na makarani wa mashirika ya umma ambao kalamu waliishika siku ya mshahara tu.

Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1962. Hammond alifariki karibu na Durban, Afrika Kusini, mwaka 1965.

SWALI: Kuna mechi ilichezwa siku kumi? Au ni porojo?

JIBU: Si porojo, ingawa katika siku hizo kumi moja mvua ilizuia mchezo kabisa. Ni huko huko Durban, dhidi ya Afrika Kusini, Machi 1939, nahodha wa Uingereza akiwa huyu huyu Hammond. Mechi haikuwekewa kikomo. Uingereza walitakiwa kufikisha mikimbio 696. Hammond akapiga 140, wakafika 654 na wapigaji watano tu wametolewa. Mvua ikashuka, na meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inasubiri Cape Town, safari ndefu ya garimoshi. Wakafunga mabegi, mechi ikaachwa bila mshindi, imebaki mikimbio 42.